Paka Mwenye Kisukari: Namna ya Kubadili Chakula Chake kwa Usalama

Lengo la somo: baada ya kulisoma, mtumiaji aweze kutambua dalili za kisukari kwa paka, kukokotoa kiasi cha wanga kutokana na lebo ya chakula, na kubadili chakula hicho pasipo kuhatarisha maisha ya mnyama.

Ugonjwa wa kisukari hauwapati binadamu peke yao. Paka nao huugua, hasa wale wa umri wa makamo na wazee, wanene, wasiotoka ndani, na madume waliohasiwa. Kwa walio wengi, kisukari chao hufanana na kile cha watu wazima: kongosho hutoa insulini, lakini mwili haiitikii ipasavyo, na hatimaye kongosho lenyewe huchoka. Matibabu ya kawaida ni sindano za insulini pamoja na chakula chenye wanga kidogo. Yakianza mapema, baadhi ya paka hufikia hatua ya kutohitaji sindano tena, ingawa ugonjwa waweza kurudi na uangalizi hauna budi kuendelea.

1. Dalili na uthibitisho

Dalili kuu ni nne: kunywa maji mengi, kukojoa sana, kula kwa pupa, na kukonda ijapokuwa anakula. Baadhi hudhoofika miguu ya nyuma, wakatembea kwa kukanyagia visigino. Paka mwenye dalili hizi akiacha kula, akitapika au kulegea, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kipimo kimoja cha damu hakitoshi. Paka aliyeshikwa kwa nguvu au kusafirishwa ndani ya kikapu hupatwa na hofu, na hofu pekee huweza kupandisha sukari yake. Kwa hiyo daktari hupima mkojo pia, au hutumia kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa wiki mbili hadi tatu zilizopita. Mweleze dawa zote ambazo paka amepewa, kwani baadhi, hasa za jamii ya steroidi, huweza kuchochea kisukari. Hakikisha pia kuwa daktari huyo wa mifugo amesajiliwa. Kwa Tanzania, usajili huo hufanywa na Baraza la Veterinari.

2. Kwa nini chakula kina uzito

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, wala ulimi wake hauonji utamu. Ini lake hutengeneza sukari inayohitajika mwilini kutokana na protini. Anapolishwa wanga mwingi, sukari hupanda na kukawia kushuka. Anaponenepa, insulini hupungua nguvu. Ndiyo maana kupunguza wanga na uzito huweza kupunguza mahitaji ya sindano.

3. Kukokotoa wanga

Lebo nyingi za chakula cha paka hazitaji wanga. Hutaja protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu (yaani madini) na unyevu. Jumlisha vyote, kisha toa jumla hiyo kwenye 100. Kinachobaki ndicho wanga.

Tuchukue mfano wa chakula kikavu cha punje: protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, majivu 8, unyevu 10. Jumla ni 65, hivyo wanga ni 35. Chakula cha kopo: protini 10, mafuta 5, nyuzinyuzi 1, majivu 2, unyevu 80. Jumla ni 98, hivyo wanga ni 2.

Namba hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja, kwa kuwa kopo lina maji mengi. Kinachofaa kulinganishwa ni sehemu ya nishati itokanayo na wanga. Zidisha protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, na wanga kwa 3.5. Chakula kikavu: 112 + 102 + 122.5 = kilokalori 336.5 kwa gramu 100. Wanga unachangia takriban asilimia 36. Kopo: 35 + 42.5 + 7 = kilokalori 84.5, wanga unachangia takriban asilimia 8. Madaktari wengi hupendelea kiasi kisichozidi takriban asilimia 12.

Iwapo lebo haitaji majivu, muulize muuzaji au mtengenezaji. Chakula kinachopimwa kutoka kwenye gunia lililofunguliwa kisinunuliwe kabla ya kusoma lebo ya gunia lenyewe pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hakikisha pia kwamba lebo inatamka kuwa ni mlo kamili, si kitoweo cha nyongeza tu.

4. Hatari iliyo kubwa kuliko zote

Paka anayechomwa insulini asibadilishiwe chakula bila daktari kujua. Wanga ukipungua huku kipimo cha insulini kikibaki kilekile, sukari yaweza kushuka mno na kumwua. Dalili ni kulegea, kuyumbayumba, kutetemeka na degedege. Zikionekana, mpe chakula upesi kama anaweza kumeza. Asipoweza, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi, usimmiminie kinywani, na umkimbize kwa daktari. Asichomwe sindano nyingine hadi daktari aagize.

Kagua pia bomba la sindano. Insulini huuzwa kwa nguvu tofauti, zikiwemo U-40 na U-100, na kila moja ina bomba lake. Anayevuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 humpa paka dozi mara mbili na nusu ya ile iliyokusudiwa. Maandishi ya chupa na ya bomba lazima yalingane.

5. Hatua za kubadili

Kwanza, kubaliana na daktari juu ya chakula kipya, kiasi chake, dozi ya insulini, na siku za kupima sukari. Paka mwenye ugonjwa wa figo huenda asifae kupewa protini nyingi. Uamuzi huo ni wa daktari.

Pili, badili polepole kwa siku 7 hadi 10, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani.

Tatu, usimshindishe njaa. Paka mnene asiyekula kwa siku chache huweza kupata ugonjwa wa ini kujaa mafuta, ambao huua. Akikataa chakula, mjulishe daktari kabla ya kumchoma sindano inayofuata.

Nne, mpime uzito kila wiki. Anayehitaji kupungua apungue kati ya asilimia 0.5 na 1 kwa wiki. Kwa paka wa kilo 6, hiyo ni gramu 30 hadi 60.

Tano, andika daftarini alichokula, maji aliyokunywa, uzito na dozi. Daftari hilo humsaidia daktari kuamua kama dozi ipunguzwe.

6. Mlo wa nyumbani

Paka wengi wa mijini hulishwa ugali au wali uliochanganywa na dagaa, na maziwa kidogo. Kwa paka mwenye kisukari, ugali, wali, mkate na maziwa viondolewe kwa mpangilio uliokubaliwa na daktari. Dagaa na nyama havina wanga wa kutajika, lakini havitoshi vikiwa peke yake: paka huhitaji taurini, vitamini na madini kwa uwiano maalumu, na upungufu wa taurini hudhuru moyo na macho. Usiweke vitunguu maji wala vitunguu saumu, kwani huharibu chembe za damu yake. Anayelazimika kupika aombe daktari ampangie mlo na virutubisho vya kuongeza.

Zoezi

Kopo limeandikwa: protini 11, mafuta 4, nyuzinyuzi 1, majivu 2, unyevu 78. Je, linafaa?

Jibu: wanga ni 4. Nishati ni 38.5 + 34 + 14 = kilokalori 86.5, na wanga unachangia takriban asilimia 16. Kopo hili limezidi kiwango kinachopendelewa, japokuwa ni chakula chenye maji mengi. Kwa hiyo si kila kopo lina wanga kidogo. Kila lebo ikokotolewe kabla ya kulipa.