Mfano wa 4: Besi inayovuma chumbani

Swali: Chumba kina urefu wa mita 4. Kasi ya sauti ni 340 m/s. Tafuta frikwensi ya chini kabisa inayovuma kati ya kuta zake mbili za mwisho.

Jibu: Kati ya kuta huenea nusu ya wimbi.
Urefu wa wimbi = 2 × 4 = mita 8
f = 340 ÷ 8 = 42.5 Hz

Angalizo: Usizidishe kwa 4; hiyo ni ya bomba lililozibwa upande mmoja.

Matumizi: Kichujio cha dijitali katika kicheza muziki cha intaneti hupunguza 42.5 Hz kabla ya kufika kwenye spika.

Fikiri: Katikati ya chumba besi hiyo hufifia. Je, kuiongeza kutasaidia? Hapana, wimbi linaloakisiwa nalo huongezeka, yakafutana vilevile. Sogeza kiti.