Waya Mmoja, Mitandao Mingi: Jinsi Swichi Zinavyotenganisha Data za Idara

Katika hospitali ya umma, kompyuta za wodi, za kaunta ya malipo na Wi-Fi ya wageni zinaweza kuunganishwa kwenye swichi ileile. Je, mgeni aliye kwenye foleni anaweza kufikia rekodi za wagonjwa? Jibu linategemea jinsi mtandao ulivyogawanywa.

VLAN ni nini?
VLAN ni mtandao wa ndani unaotengwa kwa mipangilio, bila kununua swichi nyingine. Kila VLAN hupewa nambari. Kwa mfano, 10 iwe ya rekodi za wagonjwa, 20 ya malipo na 30 ya wageni. Kila poti inayoelekea kwenye kompyuta huwekwa katika VLAN moja. Simu ya mgeni iliyo katika VLAN 30 haiwezi kuwasiliana moja kwa moja na kompyuta ya VLAN 10. Ni lazima data ipitie kwenye ruta, ambako masharti ya usalama huwekwa.

Kazi ya tranki
Hospitali ikiwa na jengo la pili lenye swichi yake, VLAN tatu zingehitaji waya tatu kati ya majengo hayo. Tranki huondoa gharama hiyo kwa kupitisha VLAN zote kwenye waya mmoja.

Ili data isichanganyike, swichi inayotuma hubandika lebo kwenye kila fremu, kama vifurushi vya basi vinavyoandikwa kituo cha kushukia. Lebo hiyo, iliyowekwa na kiwango cha IEEE 802.1Q cha mwaka 1998, ina baiti 4. Biti 12 kati yake hubeba nambari ya VLAN, na nambari zinazoweza kutumika ni 1 hadi 4094. Swichi inayopokea husoma lebo, huiondoa, kisha hupeleka fremu kwenye poti za VLAN husika pekee.

Mambo matatu ya kukagua
1. VLAN moja kwenye tranki, iitwayo VLAN ya asili, kwa kawaida hupita bila lebo. Nambari yake sharti ilingane pande zote mbili, la sivyo data ya VLAN moja itaingia katika nyingine.
2. Orodha ya VLAN zinazoruhusiwa iwe kamili. VLAN 20 ikisahauliwa, malipo katika jengo la pili yatakwama huku wodi zikiendelea na kazi. Atakayekagua waya peke yake hataona kasoro.
3. Poti za kompyuta na za kumbi zisiachwe zijigeuze kuwa tranki, kwani anayechomeka kifaa chake hapo anaweza kufikia VLAN zisizomhusu.

Ikumbukwe kwamba lebo si kufuli. Hutenganisha data lakini haiifichi. Kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, nywila na usimbaji bado vinahitajika.

Wafanyakazi wanaohamisha kompyuta kutoka ofisi moja hadi nyingine wanashauriwa kumjulisha kwanza afisa wa teknolojia ya habari. Mara nyingi ni poti, wala si kompyuta, inayoamua VLAN itakayotumika.