Boroni Katika Maji ya Kisima: Kwa Nini Chupa ya Sampuli ni Muhimu

Mkulima akipeleka maji ya kisima kupimwa, hurudi na karatasi yenye tarakimu nyingi. Moja kati ya hizo inaweza kuwa ya boroni. Mimea huihitaji kwa kiasi kidogo sana, lakini ikizidi, kingo za majani huungua. Maharagwe na michungwa huanza kudhurika maji ya kunyunyizia yakikaribia miligramu 1 kwa lita. Kabichi hustahimili zaidi. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 2.4 kwa lita. Kosa dogo la upimaji basi linatosha kumfanya mtu aache kisima kizuri, au amwagilie shamba maji mabaya.

Kosa lenyewe mara nyingi huanzia kwenye chombo. Vioo vya maabara vinavyostahimili moto hutengenezwa kwa boroni, na kiasi fulani huweza kuingia katika maji yaliyomo. Hata vichujio vya hewa vya baadhi ya maabara vina nyuzi za kioo hicho. Ndiyo maana sampuli ya boroni huchukuliwa kwa chupa safi ya plastiki. Kwa mawe, tatizo ni kinyume: yakiyeyushwa kwa tindikali fulani kisha kukaushwa, boroni hupotea na mvuke, na jibu hutoka pungufu.

Maabara hujikagua kwa sampuli rejea, yaani kitu ambacho kiasi chake tayari kinajulikana. Ni kama afisa wa vipimo anavyokagua mizani ya sokoni kwa kutumia jiwe la uzito uliothibitishwa. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lina seti ya sampuli nane za boroni, zikiwemo maji ya bahari, maji ya chini ya ardhi, mawe ya volkano, chokaa na udongo wa mfinyanzi. Maabara za nchi mbalimbali zilipopima sampuli hizo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalitofautiana kuliko ilivyotarajiwa. Hizo zilikuwa maabara za wataalamu.

Boroni ina atomi za aina mbili, nyepesi na nzito. Kati ya atomi 100, takriban 80 ni nzito. Uwiano huo hubadilika kidogo kulingana na chanzo: boroni ya maji ya bahari ina nzito zaidi kuliko ile ya sabuni za unga. Kwa kisima cha pwani kilichoharibika, uwiano huu unaweza kusaidia kuonyesha kama ni bahari imeingia au ni maji taka.

Anayepeleka maji kupimwa boroni aulize maabara kama ilipima sampuli rejea siku hiyo hiyo, na ilipata kiasi gani. Chupa iwe ya plastiki, isuuzwe kwa maji ya kisima chenyewe, na iandikwe tarehe na jina la kisima.