Minyoo kwenye tangi la uduvi: mtambue kwanza, dawa baadaye

Leo tunaweka kuku na sato pembeni, tuzungumzie uduvi wa maji baridi wanaofugwa kwenye tangi la kioo. Hasa wale wadogo wekundu (Neocaridina davidi), asili yao Asia ya Mashariki, ambao vijana wetu wa mjini wameanza kuwazalisha na kuwauzia wenye matangi ya mapambo.

Somo hili naanza na kosa langu mwenyewe.

Kijana mmoja hapa Mwanza alinipigia simu usiku. "Mtaalamu, tangi langu limejaa minyoo! Myeupe, myembamba, inacheza kila mahali. Nifanyeje?" Nilikuwa nimechoka, nikamjibu kirahisi kabisa: "Weka dawa ya minyoo." Basi. Sikuuliza minyoo gani, sikuuliza dawa ipi. Yeye nyumbani kwao wana mbuzi, akachukua ivermectin iliyokuwepo, akadondosha kidogo. Asubuhi uduvi wake wote, kama 80 hivi, majike kadhaa wakiwa na mayai tumboni, walikuwa wamelala ubavu. Nilipokwenda kuangalia video aliyopiga kabla ya dawa, nikakuta minyoo wale walikuwa hawana madhara yoyote. Mtaji wa miezi saba ulikufa kwa ajili ya minyoo ambao hata wangeachwa wasingemdhuru uduvi mmoja.

Kosa lilikuwa langu. Ndiyo maana somo la leo lina kanuni moja tu kubwa: mtambue mnyoo kwanza, ndipo uamue.

Hatua ya 1: Angalia usiku, kwa tochi

Minyoo wengi hujificha mchana. Zima taa, subiri saa moja, kisha mulika kioo na mchanga kwa tochi ya simu. Usiwe na haraka. Jiulize maswali matatu: anatembeaje? Kichwa chake kikoje? Anakaa wapi? Piga video ya karibu, maana mwendo wa mnyoo ndiyo kitambulisho chake, na picha ya mgando haiuonyeshi.

Hatua ya 2: Wajue kwa majina na tabia

*Minyoo wa uchafu.* Hawa ndio wa kawaida kuliko wote. Ni weupe au wa pinki hafifu, wembamba kama uzi wa kushonea, mwili una pingili kama mnyoo wa ardhini. Wakiwa majini hujikunja na kujikunjua kama herufi S. Makazi yao ni mchangani, chakula chao ni mabaki na kinyesi. Hawali uduvi. Ni ndugu wa nyungunyungu wa shambani, na kazi yao ni ileile.

*Minyoo bapa wadogo.* Unawaona kama vidoti vyeupe vinavyoteleza juu ya kioo, kichwa cha mviringo. Hawa nao hawana shida na uduvi wako.

*Planaria.* Huyu ndiye adui wa kweli. Ni mnyoo bapa, mweupe, kahawia au kijivu, mara nyingi milimita chache hadi sentimita moja na zaidi. Kichwa chake kina umbo la pembetatu kama ncha ya mshale, na macho mawili meusi yanayoonekana kama yana makengeza. Hajinyonganyongi, anateleza taratibu kama tone la mafuta kwenye kioo. Ni mla nyama: hula mayai, watoto wa uduvi, na hata mkubwa aliyetoka kujivua gamba akiwa bado laini. Ukiona majike yanabeba mayai lakini watoto huwaoni, mshuku huyu.

*Haidra.* Kusema kweli si mnyoo. Amejishikiza kwenye kioo au jani, juu ana vimikono vyembamba kama mwavuli uliovunjika. Vimikono hivyo vina sumu ya kupoozesha watoto wa uduvi.

*Ruba.* Ana kikombe cha kunyonyea mbele na nyuma, anatembea kwa kupima: anashika mbele, anavuta nyuma. Wengi hula konokono na minyoo, lakini wapo wanaonyonya wanyama wengine. Mtoe kwa mkono wenye glavu au kwa kibanio.

*Vijidudu vyeupe puani mwa uduvi.* Ukiona kama vipembe vyeupe vinavyochezacheza kwenye ncha ya kichwa cha uduvi, hiyo ni Scutariella. Anaishi juu ya uduvi mwenyewe, hasa kwenye kichwa na matamvua.

Usichanganye hawa na viluwiluwi vya mbu au vile vidudu vyekundu vinavyorukaruka. Hivyo ni watoto wa wadudu, na vikikua vitaruka vitoke tangini.

Hatua ya 3: Jiulize wametoka wapi, na kwa nini wamekuwa wengi

Hapa ndipo wafugaji wengi tunapokosea. Mnyoo huingia na mimea, konokono au maji ya tangi la mwenzako. Lakini *kuongezeka* ni jambo jingine. Minyoo huongezeka kwa sababu kuna chakula cha ziada. Kwa hiyo ukiamka ukakuta minyoo wa uchafu wamejaa kioo chote, usiwaulize wao, kiulize kijiko chako cha chakula. Na wakipanda wote juu karibu na uso wa maji, jua oksijeni imepungua chini. Wanakupa taarifa mapema kabla uduvi hawajaanza kufa.

Fanya hivi:

1. Acha kulisha siku mbili hadi tatu. Uduvi hawatakufa njaa, wanakula ukungu wa kijani na utando ulioko kwenye majani na kioo.
2. Nyonya uchafu wa mchangani kwa mpira mwembamba. Funga kitambaa cha neti mdomoni usije ukanyonya watoto.
3. Badilisha robo ya maji kwa wiki, si zaidi. Ukibadilisha maji mengi ghafla uduvi hushtuka, hujivua gamba kabla ya wakati na kufa. Maji ya bomba yenye klorini yalaze kwenye ndoo wazi kwa saa 24 au zaidi.
4. Ukianza kulisha tena, weka kile wanachomaliza ndani ya saa mbili. Kikibaki, kitoe.

Kwa minyoo wa uchafu na wale bapa wadogo, tiba imeishia hapo. Ndani ya wiki chache watapungua wenyewe. Huyo kijana wa Mwanza alihitaji hizi hatua nne tu.

Hatua ya 4: Kama ni planaria

Kwanza, usimponde wala kumkata ndani ya tangi. Kila kipande kinaweza kuota mnyoo mzima.

Anza na mtego. Chukua kichupa kidogo cha plastiki chenye kifuniko, kitoboe kwa sindano ya moto, matundu madogo ambayo uduvi hapiti. Weka ndani kipande cha maini au dagaa, kizamishe jioni, kitoe alfajiri. Mwaga minyoo kwenye maji ya moto. Rudia kila usiku. Mtego hauwamalizi, lakini hupunguza idadi, na hilo lina faida utakayoiona sasa hivi.

Wakiwa bado wengi, dawa inayotumiwa na wafugaji wa uduvi ni *fenbendazole*, ileile ya minyoo ya mbuzi na ng'ombe. Kipimo kinachozoeleka ni miligramu 0.6 kwa kila lita ya maji. Hesabu yake ni hii: tangi la sentimita 50 × 30 × 30 ni lita 45, ukitoa mchanga na nafasi ya juu, chukulia lita 40. 40 × 0.6 = miligramu 24. Dawa ya maji ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 katika mililita moja, kwa hiyo ni karibu mililita 1. Ya asilimia 10 ni karibu robo ya mililita. Pima kwa bomba la sindano, usikisie kwa kifuniko.

Kabla ya kuweka:

- Soma lebo. Iwe fenbendazole peke yake, isiyochanganywa na dawa nyingine.
- Hamisha konokono unaowapenda, wengi hawaivumilii. Mabaki hukaa mchangani muda mrefu, usiwarudishe haraka.
- Jaribu kwanza kwa uduvi wachache kwenye ndoo, siku mbili.
- Washa pampu ya hewa muda wote. Minyoo wengi wakifa kwa pamoja huoza, amonia hupanda, na uduvi hufa kwa maji machafu huku wewe ukilaumu dawa. Ndiyo faida ya mtego niliyoisema.

Baada ya siku moja au mbili nyonya mizoga na ubadilishe robo ya maji.

Kwa Scutariella, wafugaji hutumia chumvi: kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha maji ya tangi, mtumbukize uduvi kwa sekunde 30 hadi 60, umrudishe. Toa magamba waliyojivua, maana mayai ya mnyoo hubaki humo.

Usithubutu haya

Uduvi yuko karibu na wadudu kuliko samaki. Kinachoua kupe na mbu kinamuua yeye pia. Kwa hiyo: ivermectin hapana. Dawa za kuogeshea mifugo hapana. Dawa ya mbu ya kupuliza chumbani yenye tangi, hapana. Mrututu na dawa yoyote ya ukungu yenye shaba, hapana. Na ukitoka kuogesha ng'ombe, usiingize mkono tangini kabla hujanawa vizuri.

Neno kwa wanaochota mimea ziwani

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna jaribu la kuchuma majani Ziwa Victoria na kuyatupa tangini. Hapo unaweza kuleta planaria, ruba na haidra kwa mkupuo mmoja. Kubwa zaidi, unaweza kuleta konokono wanaobeba minyoo ya kichocho, na huyo mnyoo hamtafuti uduvi, anakutafuta wewe kupitia ngozi ya mkono. Mmea wa ziwani uchukue kwa glavu, ukague jani kwa jani, toa kila konokono na mayai yake, uweke kwenye ndoo pembeni wiki kadhaa huku ukibadilisha maji. Konokono wa ziwani usimfuge kabisa.

Yule kijana ameanza upya na uduvi kumi. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe tena: "Mtaalamu, nimeona minyoo." Safari hii chini yake kulikuwa na video. Nikaiangalia mara tatu, minyoo wa uchafu walewale. Nikamwuliza swali moja tu: "Unalisha mara ngapi kwa siku?" Akajibu, "Mara tatu." Tukaanzia hapo.

Kazi njema mfugaji. Leo usiku zima taa, chukua tochi, kaangalie.