Vidokezo vya Kumsikiliza Mwanaume wa Kijapani Akilia

Nyimbo za taratibu za Japani zimejaa wanaume walioachwa. Wengi wetu huzikuta mwishoni mwa filamu ya anime, tukaipenda sauti bila kujua jamaa amefikwa na nini. Tatizo ni kwamba hulia kwa kujificha. Usipotega sikio utadhani anazungumzia theluji, reli na hali ya hewa. Haya basi, tuanze.

1. Usingoje kwikwi, tazama amekaaje

Anza na Sawada Kenji na wimbo wake wa 1977, "Katte ni Shiyagare", yaani "fanya utakavyo". Mwanamke anafungasha virago usiku. Mwanaume amegeukia ukutani, anajifanya amelala, na anasikia kila kitu. Hainuki, haulizi, hamshiki mkono. Aku Yu, aliyeandika maneno yake, anamwacha na kiburi chake, huku moyoni anamtakia mwenzake heri, na akitaka kurudi arudi tu.

Sasa tafuta video ya zamani umwone Sawada jukwaani: suti safi, kofia anaivua na kuirusha kwa madaha. Anajikaza kisabuni! Lakini ukishajua maneno, kile kitendo cha kurusha kofia hakikudanganyi tena. Wimbo huo ulitwaa Tuzo Kuu ya Rekodi ya Japani mwaka huo huo, na kwa maoni yangu hakuna uliouonyesha vizuri zaidi uongo wa mwanaume anayesema "mimi sijali".

2. Fuata kile kitu kidogo

Pete, leso, kikombe, koti. Mtunzi wa Kijapani hupenda kukipa kitu kimoja mzigo wote wa huzuni. Katika "Ruby no Yubiwa" wa 1981, Terao Akira anaachwa, na mwanamke anataka kurudisha pete ya rubi. Mwanaume anamwambia kama hana haja nayo aitupe. Ungedhani yameisha. Miaka miwili baadaye yuko mjini, anaona koti linalofanana na la yule bibie, na macho yake yanakimbilia vidoleni kutafuta pete ile ile.

Terao ni mwigizaji pia (utamwona katika filamu ya "Ran" ya Kurosawa, ya 1985), na anaimba kama mtu anayeongea peke yake, sauti chini, hana haraka. Wimbo ulikaa namba moja kwa wiki 12 katika kipindi cha televisheni cha The Best Ten. Wiki 12 za mwanaume kutafuta pete!

3. Mdundo ukichangamka, jihadhari

Si kila wimbo wa huzuni una mwendo wa mazishi. Sakamoto Kyu aliimba "Ue o Muite Aruko" mwaka 1961 kwa sauti nyepesi na mluzi juu yake, ungesema anaenda sokoni. Kumbe anatembea ameinua uso ili machozi yasidondoke. Huko ng'ambo uliitwa "Sukiyaki", jina la mapishi ya nyama ya ng'ombe yasiyohusiana kabisa na wimbo, na mwaka 1963 ulishika namba moja Marekani kwa wiki tatu. Watu walicheza na kufurahi, hawana habari kwamba kuna mtu analia.

Tena, chozi lenyewe halikuanzia kwa mchumba. Ei Rokusuke aliandika maneno yale akiwa amekata tamaa, baada ya maandamano ya 1960 ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani kushindwa kuuzuia. Ila hakuitaja siasa hata mara moja, ndiyo maana kila aliyeachwa huuona wimbo ni wake.

Wa pili katika kundi hili ni "Namida no Request" wa The Checkers, wa 1984. Unachezeka vizuri sana. Kijana ana sarafu yake ya mwisho kwenye kibanda cha simu, anampigia mtangazaji wa usiku wa manane ampigie wimbo yule aliyemwacha. Aliyewahi kutuma kadi ya salamu redioni akimlenga mtu mmoja tu, huku ametaja majina kumi ya kuzugia, ataelewa haraka.

4. Uliza: anayesema ni nani?

Hapa wageni hupotea. Mwanaume wa Kijapani anaweza kuimba wimbo mzima kwa nafsi ya mwanamke, bila utani na bila kubadili sauti. "Kandagawa" wa kundi la Kaguyahime, wa 1973, umeimbwa na wanaume, lakini anayekumbuka chumba kidogo, mto Kanda wa Tokyo na baridi ya kumsubiri mwenzake nje ya bafu la umma ni mwanamke. "Dry Flower" wa Yuuri, wa 2020, una mbinu hiyo hiyo: kijana anaimba maumivu ya msichana. Naona ni ujanja wa maana. Mwanaume akiazima kinywa cha mwanamke hapo huweza kusema yote aliyoshindwa kuyasema kwa jina lake.

5. Nenda stesheni

Japani ni nchi ya treni, na mapenzi mengi huvunjikia kwenye treni. "Nagori Yuki" ulitungwa na Ise Shozo wa Kaguyahime mwaka 1974, kisha ukavuma kwa sauti ya mwimbaji wa kike, Iruka. Theluji ya mwisho wa msimu inaanguka, binti yuko dirishani, na kijana anainamisha uso asije akaona midomo yake ikisema kwaheri. Wa pili ni "One more time, One more chance" wa Yamazaki Masayoshi, wa 1997, ambao Shinkai Makoto aliutumia katika filamu yake ya 2007, "5 Centimeters per Second". Huyu anamtafuta mpenzi wake kila mahali, hata jukwaa la upande wa pili stesheni, na anajua fika kwamba hayupo. Usiusikilize ukiwa safarini.

6. Kuna mmoja wa kuuomba kwa adabu

"Tsunami" wa Southern All Stars, wa Januari 2000, ni wimbo wa mapenzi mtupu na uliuza zaidi ya nakala milioni mbili. Baada ya tsunami halisi kuipiga Japani Machi 11, 2011, vituo vingi vya redio vya huko vilijizuia kuupiga. Ukiwa na rafiki Mjapani, mwache yeye auchague.

7. Imba mwenyewe

Karaoke ni ya kwao: Inoue Daisuke alitengeneza mashine yake mjini Kobe mwaka 1971, wala hakuiwekea hataza. Siku hizi watu hukodi chumba, hata mtu mmoja peke yake, wakalilia humo.

Nasi tuna bahati. Irabu zao ni tano kama zetu, a, e, i, o, u, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Tafuta maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, yasome kama Kiswahili, vuta pale panapovutwa, na utakuwa karibu sana na matamshi yenyewe. Anza na Terao, maana hapandi juu. "Pretender" wa Official HIGE DANdism, wa 2019, waachie wenye koo lao.