SOMO LA MAZINGIRA: Je, Ni Kweli Bahari Inapanda?



Tukizungumza juu ya bahari, watu hugawanyika mara mbili. Wengine husema kupanda kwa bahari ni hadithi tu. Wengine huogopa kana kwamba Mombasa itazama kesho kutwa. Somo hili si la wenye shule peke yao. Linamhusu anayenunua ploti karibu na ufuo, anayechimba kisima, na mama anayeuza samaki.

1. Bahari hupimwaje?

Mvuvi atauliza: wakati wa bamvua, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Sasa mtu ataonaje badiliko la milimita chache?

Jibu ni kupima mara nyingi, kwa miaka mingi. Huko Kilindini maji yamekuwa yakipimwa tangu 1986. Kipimo cha zamani ni bomba refu lililosimamishwa majini, lenye tundu dogo upande wa chini. Mawimbi hayaingii kwa fujo, ila maji ya ndani hupanda na kushuka polepole pamoja na bahari. Kimo chake huandikwa usiku na mchana. Vipimo vya mwaka mzima vikijumlishwa na kugawanywa, kujaa na kupwa hufutana, unabaki wastani. Wastani wa mwaka huu ndio hulinganishwa na wa miaka iliyopita.

Lakini angalia: bomba limefungwa kwenye nchi kavu. Ardhi ikititia, itaonekana kama bahari imepanda. Kwa hiyo wapimaji huikagua ardhi pia. Tena wana msaada kutoka juu. Mwaka 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti ya TOPEX/Poseidon, kilomita 1,336 kutoka duniani. Ilituma mawimbi ya rada hadi baharini, na kwa kuhesabu muda wa kwenda na kurudi, ikajua kimo cha maji. Setilaiti zilizoifuata zinaendelea na kazi hiyo.

Matokeo ni haya: kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zilipanda kama sentimita 20 kwa wastani. Kati ya 2006 na 2018 zilipanda milimita 3.7 kila mwaka. Yaani mwendo umeongezeka.

2. Mbona inapanda?

Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza, maji yakipata joto hupanuka. Ya pili, barafu iliyo juu ya nchi kavu huyeyuka na kutiririkia baharini. Joto hilo linatokana hasa na moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi.

3. Wanatabirije?

Hawapigi ramli. Wanapiga hesabu: moshi kiasi hiki, joto kiasi hiki, barafu kiasi hiki. Hesabu hizo hujaribiwa kwanza kwa miaka iliyokwisha pita. Zikishindwa kueleza ya jana, nani ataziamini kwa ya kesho?

Mwaka 2021 jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa lilitoa makadirio ya mwaka 2100, yakilinganishwa na miaka ya 1995 hadi 2014. Moshi ukipunguzwa sana na upesi, bahari itapanda sentimita 28 hadi 55. Moshi ukizidi kuongezeka sana, ni sentimita 63 hadi 101. Wanasayansi hawajigongi, tofauti hiyo inategemea sana uamuzi wa wanadamu.

4. Maneno tunayosikia

"Barafu ya Mlima Kenya ndiyo inajaza bahari." Sivyo. Hiyo ni kidogo mno. Barafu yote ya Greenland ikiyeyuka, ndiyo ingepandisha bahari kama mita 7, lakini hilo lingechukua mamia mengi ya miaka.

"Milimita tatu nne ni kitu gani?" Tufanye hesabu. Ufuo ukiwa unapanda mita 1 kwa kila mita 50, basi sentimita 20 za maji huingia nchi kavu mita 10. Hapo ndipo palipo choo na kisima cha mtu. Na bamvua nalo huanzia juu zaidi.

"Ufuo ukiliwa, ni bahari imepanda." Si lazima. Kuchota mchanga, kukata mikoko na kujenga kuta ufuoni huleta hasara hiyo hiyo, tena haraka.

"Mungu alimwahidi Nuhu." Ni kweli, aliahidi kwamba gharika haitaangamiza tena viumbe vyote. Hakuahidi kwamba nyumba iliyojengwa ukingoni haitafikiwa na maji. Nuhu mwenyewe alisikia onyo, akashika kazi.

5. Tufanye nini?

Tusikate mikoko, tuipande. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanatunza msitu wao na tangu 2013 wamepata fedha zilizosaidia maji na shule. Pia, kabla ya kununua ploti, nenda ukaitazame wakati wa bamvua, usiitazame maji yakiwa yamekupwa tu. Kisima kikianza kuwa cha chumvi, punguzeni kuvuta maji mengi, maana maji ya bahari huingia pale maji baridi yanapopungua.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Wazee wetu wanakumbuka bamvua kubwa lilifika wapi zamani? Leo linafika wapi?
2. Katika kijiji chetu, ni hasara gani ya ufuo inayotokana na mikono yetu wenyewe?
3. Ni nani atakayeweka alama ya kimo cha maji kila bamvua, na kuiandika daftarini?