Muziki wa Kompyuta ya Nyumbani: Pesa Iende Kwenye Kifaa Gani?

Ukipiga wimbo wa taarabu kwenye spika za ndani za laptopu, utamsikia mwimbaji, utazisikia fidla na mlio mwembamba wa ganuni, lakini lile besi kubwa la kusimama linalobeba wimbo mzima litakuwa limetoweka. Muziki wa dansi ni vivyo hivyo: magitaa ya juu yapo, gitaa la besi hulisikii. Spika hizo ni ndogo mno na hazina nguvu ya kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito. Hakuna programu wala mpangilio utakaotibu hilo. Sharti uchomeke kifaa cha nje.

Kifaa gani? Yafuatayo ni maswali ambayo watu huuliza wakiwa dukani au kabla hawajaondoka nyumbani. Ushauri wetu unasimama mahali pamoja: weka sehemu kubwa ya pesa kwenye kile kinachotikisa hewa, yaani spika au hedifoni, kisha ushughulikie chumba. Vikorombwezo vingine vije baadaye, na pengine visije kabisa.

Kompyuta yangu ni ya siku nyingi. Nianze kwa kubadilisha kadi ya sauti?

Aghalabu hakuna haja. Wimbo ukiwa ndani ya kompyuta ni mfululizo wa namba, na kuna chipu ndogo inayozigeuza namba hizo kuwa umeme wa kupeleka kwenye spika. Karibu kila kompyuta inayo, na kwa spika za bei ya kawaida inatosha. Kinachoiharibia kazi ni majirani: feni, diski na saketi nyingine zilizobanana nayo ndani ya kasha moja.

Jaribu hivi. Simamisha muziki, pandisha sauti karibu na mwisho, kisha sogeza kipanya huku na huko. Ukisikia mlio mwembamba unaofuata mwendo wa mkono wako, umeme wa kompyuta unavuja na kuingia kwenye sauti. Kwa kompyuta ya mezani, kabla ya kununua chochote, toa pini kwenye tundu la mbele uichomeke kwenye tundu la kijani la nyuma, kwa sababu lile la mbele huunganishwa kwa waya unaokatiza katikati ya vurugu zote za ndani. Mlio ukibaki, hapo nunua kigeuzi cha nje cha kuchomeka kwenye USB. Vipo visivyozidi urefu wa kidole, vya bei nafuu, na vinatoa sauti safi.

Mngurumo mzito usiokatika ni ugonjwa mwingine. Kama unatumia laptopu, chomoa chaja. Mngurumo ukikata papo hapo, chanzo huwa ni ethi: laptopu na spika zinapata umeme kwenye soketi mbili tofauti, na umeme kidogo unazunguka baina yake kupitia waya wa sauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Mara nyingi tatizo linaishia hapo bila kutumia hata shilingi.

Kwenye boksi wameandika wati 5,000. Ni kweli?

Si kweli, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoibiwa. Angalia pembeni ya namba hiyo utaona herufi PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni inayokubalika, kwa hiyo kiwanda huandika namba kinayoipenda. Namba yenye maana ni ya RMS, nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo bila kuumia.

Boksi lisipotaja RMS, igeuze spika usome kibandiko cha mgongoni au cha chaja yake. Ikiwa kimeandikwa volti 12 na ampea 2, zidisha: ni wati 24. Huo ndio umeme wote ambao kifaa kinaupata, ukijumlisha na ule unaopotea kwa joto. Wati 5,000 zitatoka wapi? Muuzaji akibisha, msomee kibandiko.

Tena hata wati za kweli haziongezi sauti kwa kiasi ambacho watu hudhani. Nguvu ikiwa maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia bila kushtuka. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, inahitajika nguvu kama mara kumi. Kwa mtu anayekaa mita moja kutoka kwenye spika zake, wati 15 au 20 za RMS kila upande zinatosha na kubaki.

Nichukue sabufa na vijispika vyake, au spika mbili?

Spika mbili. Sabufa ya bei ya chini huja na vijispika vyenye koni ya inchi mbili au tatu. Hivyo haviwezi kushuka chini, kwa hiyo sabufa inalazimika kupanda hadi kwenye eneo la sauti ya mwimbaji wa kiume, kazi ambayo haiiwezi vizuri. Unapata kishindo kingi chini na makali mengi juu, ilhali katikati, anapokaa mwimbaji na tarumbeta, pamefifia. Spika mbili zenye amplifaya ndani, kila moja ikiwa na koni ya inchi nne au tano pamoja na twita yake ya sauti za juu, hazitatikisa madirisha ya jirani, lakini utaelewa kila neno linaloimbwa. Mpenzi wa singeli au amapiano ambaye lazima asikie bezi ya tumboni atafute spika zenye tundu la kuunganisha sabufa, ainunue sabufa pesa ikipatikana.

Ukienda dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, nenda na wimbo wako kwenye simu, wimbo unaoufahamu hadi mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Kabla hujasikiliza, rudisha vitufe vya bezi na trebo katikati. Wauzaji huviacha mwisho kwa sababu kishindo ndicho kinachouza. Kisha punguza sauti hadi ilingane na ya watu wanaozungumza. Spika nzuri hueleweka hata ikiwa chini. Mbovu hudai ipandishwe ndipo iseme kitu. Sikiliza herufi "s" za mwimbaji: zikichoma sikio dukani, nyumbani zitakuchosha baada ya nusu saa. Halafu lifuate gitaa la besi peke yake. Je, unasikia noti zikipanda na kushuka, au kila noti inatoka na "du" ileile? Spika ya "du" moja iache hapohapo, hata muuzaji akipunguza bei.

Spika zisizo na amplifaya ndani ni nzuri pia, ila zinahitaji amplifaya ya pembeni. Waya wake uwe wa shaba wa kawaida, wa milimita 1.5 za mraba, na kwa chumba cha nyumbani hakuna sababu ya kulipia waya wa bei mbaya. Angalia tu kwamba chanya imeingia kwenye chanya pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, bezi hukonda na mwimbaji hueleaelea badala ya kusimama katikati.

Vipi kuhusu hedifoni?

Kwa pesa ileile, hedifoni zitakupa sauti bora kuliko spika, kwa sababu hazigombani na chumba. Mwenye bajeti ndogo aanzie hapa. Zilizofungwa mgongoni huzuia kelele, jambo la maana kwa anayesikiliza chini ya pangaboi au karibu na barabara, ingawa katika joto la Pwani masikio yatatoka jasho. Zilizo wazi mgongoni zina sauti yenye nafasi zaidi, ila kila aliyemo chumbani atausikia muziki wako.

Tazama pia namba ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Hedifoni za omu 16 hadi 32 huendeshwa bila taabu na kompyuta yoyote. Sennheiser HD 600 ni za omu 300, na Beyerdynamic DT 770 Pro zipo za omu 32, 80 na 250. Ukichukua za namba kubwa bila kuwa na amplifaya ya hedifoni, sauti inaweza kutoka ndogo, nawe ukadhani umeuziwa kimeo.

Bluetooth inaharibu muziki?

Inapunguza kidogo, kwa sababu wimbo hubanwa upya kabla ya kurushwa hewani. Kwa usikilizaji wa kawaida wengi hawatatambua. Kasoro inayoonekana wazi ni ucheleweshaji kwenye video, midomo ikitangulia sauti. Spika isiyohama mezani iunganishe kwa waya.

Na faili zenyewe?

CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, hutumia takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. Sampuli zake 44,100 kwa sekunde zinatosha kubeba sauti zote ambazo binadamu husikia, kuanzia hezi 20 hadi 20,000. MP3 ya kilobiti 320 ni ndogo zaidi ya mara nne, na watu wengi wakijaribiwa bila kuambiwa wanasikiliza ipi hushindwa kuitofautisha na CD. Ya kilobiti 128 inaanza kujulikana: matoazi hutoka kama maji yanayochuruzika na makofi huloa. FLAC huhifadhi kila kitu kilichomo kwenye CD kwa nafasi pungufu.

Kwa hesabu ya bando, wimbo wa dakika kumi kwa kilobiti 320 ni kama megabaiti 24. Ukisikiliza mtandaoni, fungua mipangilio ya programu uchague ubora wa juu wewe mwenyewe, kwa kuwa nyingi zikiachwa hujiamulia kulingana na mtandao. Usihangaike kugeuza MP3 dhaifu kuwa FLAC. Kilichokatwa hakirudi, unajaza diski bure. Na zipo rekodi ambazo zilizaliwa zikiwa pungufu. Santuri za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zitasikika vizuri zaidi kwenye spika nzuri, lakini hakuna kifaa kitakachotoa bezi ambayo mashine ya kurekodia haikuinasa.

Vya mtumba je?

Vinafaa sana ukivikagua. Kwanza soma volti. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa 120, cha Japani 100, na ukikichomeka ukutani bila transfoma ya kushusha kinaungua wakati uleule. Pili, tazama ukingo unaoshika koni. Wa sponji huoza kwa miaka, na unyevunyevu huharakisha, kwa hiyo uguse kwa ncha ya kidole uone kama unamung'unyika. Wa mpira hudumu. Mwisho, isukume koni ndani taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ukihisi mkwaruzo, koili imepinda.

Nimeshanunua. Niziweke wapi?

Watu hutoa pesa nyingi dukani, wakifika nyumbani wakazitupia spika kwenye kona nyuma ya luninga. Kona huvimbisha bezi hadi ikafunika kila kitu. Zisogeze mbali na ukuta, angalau kiganja kimoja au viwili, hasa zenye tundu la hewa mgongoni. Umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali kutoka kila moja hadi kichwani kwako, na twita zielekee masikio; zikiwa chini ya usawa huo, nyanyua mbele yake kidogo kwa kipande cha ubao. Ukikaa sawa, sauti ya mwimbaji itatoka katikati, mahali pasipo na spika.

Sasa piga kofi moja kwa nguvu. Vyumba vyetu vingi vina vigae chini, saruji ukutani, na vingine bati tupu juu, kwa hiyo kofi huacha mlio unaoning'inia. Mlio huohuo unachafua kila noti. Zulia zito kati yako na spika, pazia nene, kochi la kitambaa, rafu iliyojaa vitabu, hata godoro lililosimamishwa ukutani, huleta mabadiliko makubwa kuliko kigeuzi chochote cha USB. Mkeka peke yake ni mwembamba, hausaidii sana.

Nisikilize kwa sauti kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano yanaelekeza kwamba mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupungua kwa nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 89 ni saa tano tu. Programu ya kupima desibeli kwenye simu hutoa makisio ya kutosha kwa spika. Kwa hedifoni, mwambie mtu asimame umbali wa mkono mmoja aongee kwa sauti yake ya kawaida. Kama humsikii, punguza.